SOMO LA SHIMI: NGOZI YA KABONI JUU YA INOKSI



Wanafunzi wa Bio-Shimi walituletea ulizo hili: «Inaandikwa mu vitabu kwamba inoksi ni chuma kisichoshika kutu. Basi juu ya nini mafundi wa Ulaya wanafunika tena makasi na pensi za munganga kwa ngozi nyeusi ya kaboni? Kama haishiki kutu, iko na lazima ya nguo gani tena?»

Ulizo ni zuri, na jibu lake halitoki kwa neno moja. Tutaenda pole pole. Kwanza tutaona inoksi ni nini, kisha adui zake, kisha kaboni, kisha gisi gani wanaibandika, na mwisho tutaona faida na hasara. Wale wanaotaka kuwa infirmye ao munganga wa meno wasome sana sehemu ya saba, maana inahusu mikono yao wenyewe na uzima wa wagonjwa wao.

1. INOKSI NI NINI?

Chuma cha kawaida kinapokutana na maji na oksijeni kinageuka kutu. Kutu hii ni nyekundu, inavimba, inapasuka na kuanguka. Inapoanguka, chuma kilicho chini kinabaki uchi, nacho kinaliwa. Ndiyo sababu jembe lililosahauliwa kwenye mvua linaisha polepole mpaka linatobolewa.

Inoksi ni chuma kilichochanganywa na kromu. Lazima kromu ifike karibu 10,5 kwa mia ao zaidi. Kromu nayo inakutana na oksijeni, lakini kutu yake haiko sawa na ile ya chuma. Inafanya ngozi nyembamba sana, haionekani kwa macho, inashikamana vizuri na haiachi maji kupita. Unene wake ni nanometa moja mpaka tatu hivi. Nanometa moja ni sehemu moja ya milimeta iliyokatwa mara milioni. Tena, ukiikwaruza inoksi, ngozi hiyo inajitengeneza yenyewe, kama oksijeni iko karibu.

Basi ukae na jambo hili la kwanza: inoksi haikingwi na ugumu wake. Inakingwa na ngozi. Chini ya ngozi ile ni chuma tu, na chuma kiko tayari kuliwa kama vyuma vingine.

Watu wengi walichangia kuivumbua. Kule Ujerumani, mwaka 1912, Eduard Maurer na Benno Strauss wa usine ya Krupp walipata chuma chenye kromu na nikeli. Kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, Harry Brearley alikuwa anatafuta chuma kizuri kwa mitutu ya bunduki, akayeyusha chuma chenye kromu karibu 13 kwa mia. Aliona kwamba asidi hazikili. Akafikiri visu vya meza, na visu vikafanywa. Brearley huyo aliacha masomo akiwa na miaka 12 ili afanye kazi mu usine ya chuma, na nyuma alijifunza shimi kazini.

Katika lopitali utakuta hasa aina tatu:

a) Inoksi ngumu, yenye kromu 13 kwa mia hivi na kaboni ya kutosha. Inakubali kuchomwa na kupozwa ili iwe ngumu. Hii ni ya makasi, pensi, na vyombo vya kukata. Ni ngumu, lakini inashambuliwa na kutu kwa urahisi kuliko ndugu zake.

b) Inoksi yenye kromu 18 na nikeli 8 kwa mia. Hii ni ya masahani, ndoo, na nyuzi nyingi za kunyoosha meno.

c) Inoksi yenye kromu, nikeli, na tena molibdeni 2 mpaka 3 kwa mia, na kaboni kidogo sana, isiyopita 0,03 kwa mia. Wanaiita 316L. Hii inaweza kuingia mwilini: vibao na vis vya kushika mifupa iliyovunjika, na stenti, yaani mirija midogo ya wavu inayofungua mishipa ya moyo.

2. ADUI ZA INOKSI

Adui wa kwanza ni kloruri. Chumvi ya jikoni ni kloruri ya sodiamu. Maji ya Javel nayo yanaleta kloru. Damu yetu iko na chumvi, jasho pia, mate pia. Maji ya chumvi ya serumu yana gramu 9 kwa litri. Kloruri inatafuta mahali ngozi ya kromu iko dhaifu, inaitoboa pale, na inachimba tundu dogo linaloenda chini. Juu unaona nukta tu kama ncha ya sindano, kumbe chini ni pango. Kutu ya namna hii ni mbaya kwa sababu inaficha kazi yake.

Adui wa pili ni mahali pa kubanana. Angalia makasi: pale pa msumari unaoshikanisha miguu miwili, damu inaingia na haitoki. Oksijeni haifiki vizuri. Bila oksijeni ngozi ya kromu haiwezi kujitengeneza. Ndiyo sababu makasi mengi yanaanza kushika kutu pale pale kwenye kiungo.

Adui wa tatu ni kusuguana. Chuma juu ya chuma kinakwaruzana. Kila mara ngozi inaondolewa, inarudi, inaondolewa tena, na chembe ndogo zinaanguka. Kama chombo kiko ndani ya mwili, chembe hizo zinabaki mwilini.

Jambo la nne haliko la kutu bali la mwili wa mtu. Watu wengine ngozi yao haikubali nikeli: wanavaa kipuli ao saa na wanatoka vipele. Inoksi yenye ngozi nzima inatoa nikeli kidogo sana. Lakini inoksi inayoliwa inatoa nikeli zaidi.

Sasa mumeona jibu la kwanza. Inoksi inastahimili kutu, lakini haikuahidi kuikataa siku zote na mahali pote. Ndipo mafundi walifikiri kuivalisha ngozi ya pili juu ya ile ya kwanza.

3. KABONI, MTOTO WA SURA NYINGI

Kaboni tunaijua sisi wote. Makala ya kupikia ni kaboni kwa sehemu kubwa. Ndani ya kreyo muko grafiti, nayo ni kaboni. Almasi ya Kasai nayo ni kaboni. Almasi nyingi za Mbuji-Mayi haziendi kwenye pete za mabibi, zinaenda usine kukata na kusaga vitu vigumu.

Gisi gani kitu kimoja kiwe laini mu kreyo na kigumu mu almasi? Jibu ni namna atomu zinavyoshikana mikono.

Katika almasi kila atomu inashika jirani wanne, pande zote, kama nyumba iliyofungwa kwa miti ya kila upande. Haina mahali pa kuteleza.

Katika grafiti kila atomu inashika jirani watatu tu, wote juu ya meza moja. Zinafanya makaratasi, na karatasi moja inateleza juu ya ingine. Ndiyo sababu kreyo inaandika: inaacha makaratasi yake juu ya daftari yako.

Kuna namna ya tatu. Atomu zinaanguka haraka haraka, hazipati muda wa kujipanga. Zingine zinashika jirani wanne kama almasi, zingine watatu kama grafiti, bila mpango wa mbali. Mara nyingi idrojeni nayo inaingia kati yao. Kitu kinachotoka ni cheusi ao kijivu cheusi, kinang'aa, ni laini kwa kugusa lakini kigumu kwa kukwaruza. Wanaiita kaboni inayofanana na almasi. Mu somo hili tutasema tu «kaboni ngumu».

Kule Ujerumani mwaka 1953 Heinz Schmellenmeier alipata ngozi nyeusi na ngumu ya namna hii kwa kupitisha umeme mu gazi ya asetileni. Kule Marekani mwaka 1971 Sol Aisenberg na Ronald Chabot waliandika gisi walivyoibandika kwa kurusha ioni za kaboni, na jina la «kufanana na almasi» lilitoka kwao.

Linganisha ugumu. Wataalamu wanaupima kwa gigapaskali. Inoksi laini ya 316L ni karibu 2. Makasi magumu ni karibu 5 ao 6. Kaboni ngumu yenye idrojeni ni 10 mpaka 30. Ile isiyo na idrojeni inaweza kupita hapo mbali sana. Almasi yenyewe ni karibu 100.

4. GISI GANI WANAIBANDIKA

Musifikiri kwamba wanapaka na brosi kama rangi ya nyumba. Hapana. Kazi inafanywa ndani ya sanduku la chuma lililotolewa hewa. Hatua ziko hivi:

Hatua ya kwanza: kuosha. Vyombo vinaoshwa mafuta na uchafu wote. Alama ya kidole tu inaweza kuharibu kazi.

Hatua ya pili: kutoa hewa. Pompa inanyonya hewa mpaka inabaki kidogo sana.

Hatua ya tatu: kupiga kwa argoni. Wanaingiza gazi ya argoni kidogo na umeme wa volti mia kadhaa. Gazi inawaka kama taa ya neoni. Hali hii ya gazi yenye ioni na elektroni inaitwa plasma. Ioni za argoni zinapiga chombo na kuondoa ile ngozi ya oksidi na uchafu wa mwisho.

Hatua ya nne: kuweka gundi. Wanaweka kwanza safu nyembamba ya kromu, ao titani, ao silisiamu. Sababu yake tutaiona mu sehemu ya sita.

Hatua ya tano: kaboni yenyewe. Wanaingiza gazi yenye kaboni, kama asetileni ao metani. Plasma inapasua molekuli. Chombo kimefungwa kwa upande wa negatifu wa umeme, basi ioni zenye pozitifu zinavutwa, zinakimbia, zinagonga chombo kwa nguvu na kubaki pale. Fundi mwingine hatumii gazi hiyo, anapiga kipande cha grafiti na kaboni yake inaruka kwenda kwenye chombo.

Mambo mawili ya kukumbuka hapa. Kwanza, joto linaweza kubaki chini ya digri 200. Hii ni faida kubwa, maana chuma kigumu cha makasi kikipashwa sana kinapoteza ugumu wake. Pili, ngozi ni nyembamba: mikrometa moja mpaka tano kwa kawaida. Unywele wa mtu ni karibu mikrometa 70. Basi makasi hayabadiliki kipimo, na miguu yake inafungana kama mbele.

5. INASAIDIA NINI?

Inazuia kukwaruzwa. Ngozi ngumu inalinda chuma kilicho laini kuliko yenyewe.

Inateleza. Chuma kikavu juu ya chuma kinasuguana kwa hesabu ya karibu 0,6 ao zaidi. Kaboni ngumu juu ya chuma inashuka mara nyingi kati ya 0,05 na 0,2. Basi kiungo cha makasi kinafunguka bila kugoma. Kwa munganga wa meno, uzi wa kunyoosha meno unapita mu vibao vyake. Kama uzi unagoma, jino haliendi, ao lazima kuongeza nguvu na mtoto analia. Ndiyo sababu wataalamu wanajaribu nyuzi zilizofunikwa kaboni ili msuguano upungue.

Inafunga njia. Kaboni ngumu haiogopi asidi wala chumvi. Kama haina tundu, kloruri haifiki kwenye chuma, na nikeli haitoki.

Mwili unaivumilia. Chembe za mwili zinakaa karibu na kaboni bila ugomvi mwingi. Jambo hili lilijulikana mbele kwa ndugu yake, kaboni ya kuchomwa mu joto kali. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 kaboni hiyo inatumika kufanya valvu za moyo.

Hairudishi mwangaza. Chini ya taa kali ya chumba cha kupasulia, pensi inayong'aa inaumiza macho ya munganga. Pensi nyeusi haimsumbui.

Angalia kitu ambacho sikuandika: sikuandika kwamba inaua mikrobi. Kaboni ngumu peke yake haiko dawa. Juu ya uso laini mikrobi zingine zinashika vibaya, na wataalamu wengine wanaongeza feza ndani ya ngozi ili iue mikrobi. Lakini chombo cheusi ni chombo kama kingine: bila kuoshwa na kuchomwa mu otoklave, kinapeleka ugonjwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

6. MATATA YAKE

Tata la kwanza ni kushikamana. Kaboni na chuma haviko marafiki wazuri. Kaboni inapenda kuingia ndani ya chuma, na chuma kinaisukuma kaboni igeuke grafiti laini. Tena, zile ioni zilizopigwa kwa nguvu zinabanana, kila moja inatafuta nafasi. Ngozi nzima inataka kutanuka, chuma kinaikataza. Wanaita jambo hili nguvu ya ndani. Ngozi ikizidi unene, nguvu hiyo inazidi pia, na siku moja inaruka yenyewe vipande vipande, kama rangi juu ya ukuta wenye vumbi. Ndiyo kazi ya safu ya gundi: kromu, titani ao silisiamu inashika chuma kwa mkono mmoja na kaboni kwa mkono mwingine.

Tata la pili ni chuma laini chini ya ngozi ngumu. Fikiri karatasi ya barafu juu ya matope. Ukikanyaga, matope yanaingia na barafu inapasuka, hata kama barafu ni ngumu.

Tata la tatu ni tundu. Vumbi moja iliyoanguka mu sanduku inatosha kuacha tundu ambalo jicho halioni. Maji ya mwili yanaingia pale, yanatembea chini ya ngozi, yanakula mahali pa gundi, na ngozi inainuka. Hapa ngozi inageuka adui, kwa sababu inaficha uharibifu na vipande vyake vigumu vinasaga kama mchanga.

Hili haliko neno la kutisha tu. Kule Ujerumani, kati ya mwaka 1993 na 1995, wagonjwa 101 waliwekewa nyonga za kutengenezwa zenye kichwa kilichofunikwa kaboni ngumu. Vichwa vyenyewe vilikuwa vya titani, si vya inoksi, lakini somo ni moja. Mwanzoni wagonjwa hao walikuwa sawa na wenzao waliopewa vichwa vya keramiki. Kisha matata yalianza. Kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2003, nyuma ya miaka minane na nusu, karibu nusu ya nyonga zile zilikuwa zimeshindwa. Walipoangalia vichwa vilivyotolewa, walikuta ngozi imetobolewa na kubanduka. Fikiri mzee anayepasuliwa mara ya pili juu ya ngozi nyembamba kuliko unywele.

Mfano mwingine ni stenti za inoksi. Watu walitumaini kwamba zikifunikwa kaboni, damu haitaganda sana na mshipa hautajifunga tena. Katika majaribio na wagonjwa, hazikuonyesha wazi kwamba zinashinda stenti za inoksi tupu kwa kuzuia mshipa usijifunge. Tangu mwaka 2002 stenti zenye dawa zilianza kuchukua nafasi.

Basi wataalamu wanapima mbele ya kuamini. Wanakwaruza ngozi na ncha ya almasi wakiongeza uzito kidogo kidogo, na kuangalia inabanduka kwa uzito gani. Wanabonyeza chuma kwa ncha yenye uzito wa kilo 150 na kuangalia kwa mikroskopi kama kandokando kunapasuka tu ao kunabanduka. Wanakiweka mu maji ya chumvi na kupima umeme wa kutu. Na kitu kinachoingia mwilini kinadai miaka ya majaribio, maana maabara ya wiki moja haiwezi kusema neno la mwaka wa nane.

Neno la mwisho mu sehemu hii: makasi yaliyofunikwa hayanolewi ovyo. Ukiyanoa, unaondoa ngozi kwenye makali.

7. SISI INATUHUSU NINI?

Mtu atasema: «Vyombo hivi vya ngozi nyeusi ni bei kali, mu kliniki yetu haviko.» Ni kweli, mahali pengi haviko. Lakini somo lake ni letu, maana inoksi tupu iko kila mahali, nayo inaishi kwa ngozi yake ya kromu. Anayeiharibu ngozi hiyo anaharibu chombo, na chombo chenye tundu za kutu kinashika damu na mikrobi mahali ambapo brosi haifiki. Basi tufuate mambo haya:

a) Nyuma ya kazi, usiache damu ikauke juu ya chombo. Kifunike kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kisafishwe upesi. Usikiloweshe mu maji ya chumvi.

b) Wengi walifundishwa kulowesha vyombo kwanza mu maji ya Javel ya 0,5 kwa mia. Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, mu kitabu chake cha mwaka 2016, halishauri tena kuvilowesha mu dawa ya kuua mikrobi mbele ya kuvisafisha. Sababu ziko: dawa inakula chuma, na tena damu inapunguza nguvu ya dawa, na mtu anafikiri chombo kimeisha kuwa salama kumbe sivyo.

c) Osha kwa maji na sabuni ya vyombo na brosi laini, makasi yakiwa wazi, kiungo kikiwa wazi. Vaa glovu nzito.

d) Usisugue na nyuzi za chuma za kuoshea sufuria. Zinakwaruza, na tena zinaacha chembe za chuma cha kawaida. Chembe hizo zinashika kutu, nawe unasema inoksi imeoza.

e) Suuza vizuri, mwisho kwa maji yasiyo na chumvi. Kausha kabisa.

f) Usitie mu otoklave chombo cha chuma kilichoshika kutu pamoja na vyombo vya inoksi. Kutu inahama.

g) Chombo chenye tundu, mpasuko, ao ngozi iliyobanduka kitolewe kazini. Usikipake rangi, usikisugue mpaka king'ae na kukirudisha kwa wagonjwa.

8. JARIBIO LA KUFANYA

Vitu: misumari miwili ya chuma, kijiko cha inoksi, rangi ya makucha, sindano, chupa tatu za kioo, maji na chumvi.

Tia mu kila chupa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe. Mu chupa ya kwanza tia msumari uchi. Mu ya pili tia kijiko cha inoksi. Msumari wa pili upake rangi ya makucha pande zote mara mbili, uache ukauke siku moja, kisha utoboe rangi mahali pamoja tu kwa ncha ya sindano mpaka ufike kwenye chuma. Utie mu chupa ya tatu.

Angalia kila siku kwa wiki moja na andika mu daftari. Siku ya mwisho, toa msumari wa tatu na banduа rangi polepole kandokando ya tundu. Pima kwa milimeta kutu imetembea mpaka wapi chini ya rangi. Pale utaona kwa macho yako kilichotokea kwa nyonga za Ujerumani.

9. MAULIZO

1) Juu ya nini kutu ya chuma haikingi chuma, lakini oksidi ya kromu inaikinga?

2) Eleza kwa picha tofauti ya almasi, grafiti na kaboni ngumu.

3) Pensi moja iko na uso wa santimeta karé 60. Imefunikwa kaboni ngumu yenye unene wa mikrometa 2. Kama santimeta kibe moja ya ngozi hiyo ni gramu 2, pensi imevaa gramu ngapi? (Jibu la kujipima: gramu 0,024. Lakini onyesha njia yote.)

4) Tufanye kama ngozi yote ile ni kaboni tupu. Ni moli ngapi za kaboni? Ingetoka mu mililitri ngapi za asetileni, C₂H₂, kama moli moja ya gazi ni litri 22,4 na hakuna kinachopotea?

5) Fundi mmoja anasema: «Ngozi ikiwa nene zaidi, inakinga zaidi. Niweke mikrometa 50.» Mjibu kwa sababu mbili.

6) Rafiki yako infirmye anataka kuacha makasi mu Javel usiku kucha «ili yawe safi sana». Umwandikie barua ya mistari kumi.

Majibu ya ulizo la 3, la 4 na la 5 yatatoka mu namba inayofuata. Barua tatu zilizo nzuri kuliko zingine zitaandikwa humu humu mu gazeti letu.

Mwalimu wa shimi